Harusi Iliyopitia Kiwandani

Burale alipiga saluti, akalisukuma geti hadi mwisho, na mimi, shela kichwani na maua mapajani, nikaingizwa kiwanda cha sabuni.

Sikujua kama nimeingizwa. Nilikuwa nimefumba macho kwa amri ya Lorine, rafiki yangu na msimamizi wangu wa siku ile, aliyekuwa akinibandika upya ukope wa bandia uliong'oka tulipovuka tuta la Kariobangi. Nilichojua ni kwamba gari lilipunguza mwendo, likakata kona, likasimama, kisha likarudi nyuma taratibu bila kusitasita mpaka likatulia. Breki ya mkono ikavutwa. Injini ikazimwa.

"Mama," baba akasema, sauti imejaa furaha, "tumefika."

Baba huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, Khalayi. Nikafumbua macho kumtafuta Seth wangu kwenye ngazi za kanisa. Badala yake nikaona katoni za sabuni zilizopangwa hadi darini, na vijana wa kibarua wenye ovaroli za buluu wakinikodolea macho. Gari letu jeupe, lenye utepe wa waridi kwenye boneti, lilikuwa limerudishwa kinyumenyume hadi kwenye jukwaa la kupakilia mizigo, sawasawa kabisa, bila kugusa nguzo yoyote. Baba hakuwa amekosea hata inchi moja.

Kijana mmoja akashuka jukwaani, akainama dirishani, akanitazama mimi, akamtazama baba.

"Dere," akauliza kwa heshima zote, "hii tunapakia ama tunashusha?"

Leo nikisimulia watu hucheka hata kabla sijafika hapo, nami hucheka nao mpaka mbavu ziniume. Lakini siku ile sikucheka. Mchungaji Zedekiah alikuwa ametuonya mapema: Jumamosi ile kanisa lilikuwa na harusi mbili, na bibi harusi atakayechelewa atampisha mwenzake, akae nje na maua yake mpaka jua lizunguke. Na mpishi, na watu waliotoka Bungoma kwa basi, na mahema ya kukodi, vyote vilikuwa vinatungoja. Nilimwona Seth kwa macho ya moyo, amesimama na suti yake ya kijani, anageuza shingo kila gari linapopita. Machozi yakanijaa, na ukope ukang'oka tena.

Inafaa niwaeleze baba yangu ni mtu gani, msije mkamhukumu kabla ya wakati.

Dishon Wesonga aliendesha lori la sabuni tangu sijazaliwa. Aliipeleka Busia, Kitale, Garissa, kokote kwenye watu wenye nguo za kufua. Nilipozaliwa alikuwa Mtito Andei. Nilipobatizwa alikuwa Lokichar na gurudumu limepasuka. Siku niliyomaliza shule ya upili alinipigia simu kutoka Salgaa, akaniimbia wimbo mzima wa pongezi huku malori yakinguruma nyuma yake, nami nikalia kwa furaha na hasira pamoja. Kwa hiyo Seth alipokuja kuniposa na wazee wake, baba aliwaachia ndugu zake habari za ng'ombe. Yeye alikuwa na sharti lake peke yake.

"Siku hiyo," alisema, "mtoto wangu nitampeleka mimi mwenyewe. Nimepeleka sabuni ya kutosha."

Mama yangu, Roseline, hakupinga. Alisema tu kwamba na yeye ana sharti lake: baba asitafune.

Nisimsingizie. Baba hakuwa mlevi, na jina lake hapa Baba Dogo ni safi mpaka leo. Lakini miraa aliipenda, na aliipenda kwa imani, kama watu wengine wanavyopenda dhehebu. "Pombe hufunga macho," alizoea kusema huku akimenya kijiti kwa meno, "miraa huyafungua." Ushahidi wake ulikuwa mchezo wa drafti. Jumamosi mchana, kando ya kibanda cha mjomba Shiundu, walicheza kwa vifuniko vya soda kwenye ubao waliouchora kwa makaa, na baba akiwa ametafuna aliweza kukueleza namna atakavyokula kete zako zote, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa kupendeza. Alichosahau ni kwamba zamu haikuwa yake. Mara nyingi alikuwa ameshika kete ya mtu mwingine.

Tena ikimkolea, hujenga. Jumamosi moja alijenga hoteli ya ghorofa Kimilili, kwa mdomo, na kufikia jioni alikuwa anawafukuza wahudumu wazembe. Sisi watoto tulipenda sana siku hizo. Baba alikuwa mchangamfu, mkarimu, tajiri mno. Kesho yake alikuwa bubu, anataka chai tu na watu wasiburute viti.

Mama ndiye hakuipenda imani hiyo. Kuna neno alilomwambia nikiwa jikoni nachambua mchele, na nimelikumbuka maisha yangu yote.

"Baba Khalayi, hiyo kitu haikufungui macho. Inakunyima usingizi, halafu inakudanganya kwamba umelala."

Baba alicheka. Lakini kwa ajili ya harusi aliapa, mkono juu ya Biblia ya mama. Hatatafuna.

Basi nini kilitokea? Kilichotokea ni mkesha. Madereva wenzake walikuja kumpongeza, kila mmoja na shada lake limefungwa vizuri ndani ya jani la mgomba, pamoja na njugu na soda. Baba aliogopa kwamba akilala atapitiwa na usingizi, na siku yake moja ya kunipeleka imponyoke. Akaona ni afadhali avunje kiapo kuliko achelewe. Huo ndio uliokuwa utetezi wake, na bado ndio utetezi wake.

Asubuhi nilipotoka nje nimeshikwa mkono na Lorine, majirani wakipiga vigelegele kutoka roshani zote, nilimkuta baba anasubiri kando ya gari la mjomba Shiundu, suti imempendeza, anatafuna chingamu ya mnanaa kwa bidii. Macho yake yalikuwa makubwa na maangavu. Nikadhani ni machozi. Gari lilikuwa limeoshwa likaoshwa tena, na gurudumu moja la mbele alikuwa amelisugua mpaka yale mengine yakaonekana ya gari jingine. Ningepaswa kujua hapo. Lakini nani hukagua magurudumu siku ya harusi yake?

Alinifungulia mlango, akasema, "Mama, leo utaona dereva."

Na kweli niliona. Tangu naanza kupanda magari sijawahi kuendeshwa vile. Hakuna shimo la barabara ya Outering ambalo hakuliona. Bodaboda aliziona zikiwa bado mbali, mama wa mboga aliyetaka kuvuka alimwona kabla hajaamua kuvuka. Nyuma yetu walifuatana mama, mjomba Shiundu na shangazi zangu katika magari ya wale madereva wenzake, na mwisho kabisa basi la kwaya, likiendeshwa na Munene, mtu wa maombi. Shangazi zangu wanaamini gari la bibi harusi halipitwi barabarani, kwani anayelipita anamchukulia bahati yake. Kwa hiyo wote walituandama unyounyo.

Baba alikuwa akizungumza. Alianza habari za bwawa la samaki tulipotoka nyumbani. Tulipofika Kariobangi bwawa lilikuwa limechimbwa, maji yameingia. Donholm samaki walikuwa wamekua. Tulipokata kuingia Jogoo Road alikuwa anatafuta soko Kampala, na sijui kama wateja wa kule wangemridhisha kwa bei. Nami nilikuwa nimefumba macho, Lorine ameshikilia ukope wangu kwa ncha ya kidole akiniambia nisitikisike, na nilikuwa na furaha isiyo na jina. Baba yangu alikuwa ananipeleka. Sauti yake ilikuwa karibu, si ya kwenye simu.

Kanisa letu liko Kaloleni. Ukiwa Jogoo Road unanyoosha tu, hata kipofu atafika. Lakini pale Hamza kuna kona ya kushoto inayoshuka kwenda Industrial Area, na kona hiyo mikono ya baba ilikuwa imeikata karibu kila asubuhi aliyokuwa Nairobi. Mdomo ulikuwa Kampala unauza samaki. Mikono ikaenda kazini.

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Baba akafurahi, akajibu honi kwa honi. Nani atatofautisha honi ya onyo na honi ya shangwe siku ya harusi? Walivyozidi kutuonya ndivyo alivyozidi kuwashangilia, na Lorine naye, kidole kikiwa jichoni mwangu, akapiga kigelegele kirefu. Getini baba alibonyeza honi yake ya kila siku, fupi mbili na ndefu moja. Burale, mlinzi aliyemfungulia geti miaka yote, hakuwa na sababu ya kuuliza utepe wa waridi ni wa nini. Alitufungulia. Kisha, kama sheria ya kiwanda inavyotaka, akalifunga geti nyuma yetu, na msafara mzima wa harusi ukabaki nje unalia.

"Tunapakia ama tunashusha?" yule kijana akauliza tena.

Baba alicheka. Akageuka kunionyesha kanisa, na hapo kicheko kikakatika. Nilimwona akitazama katoni, kisha jukwaa, kisha mikono yake mwenyewe juu ya usukani.

Mama aliingia kwa mlango mdogo wa waendao kwa miguu, kofia yake ya harusi imeshikiliwa kwa mkono, viatu vya visigino vikigonga saruji. Hakukimbia. Vibarua wakampisha. Alifika dirishani kwa baba, akasimama.

"Dishon. Fungua mdomo."

Sikuwahi kumsikia akimwita Dishon. Baba akafungua mdomo kama mtoto kwa daktari. Mnanaa ulikuwa umejitahidi, lakini kwenye magego palikuwa na kijani.

"Niko sawa, Mama Khalayi," baba akasema. "Haki ya Mungu niko sawa. Hata shimo moja sijaingia."

"Mashimo yote umeyaona," mama akasema. "Kanisa ndilo hukuliona."

Vibarua walicheka, na mmoja wao akaziba mdomo kwa aibu. Simu ya Lorine ikalia. Alikuwa Seth. Mchungaji amesema bibi harusi wa pili yuko njiani, atakayefika mlangoni kwanza ndiye atakayeingia. Tuko wapi? Lorine, ambaye hajui kusema uongo, akamwambia tuko kwa sabuni.

"Shiundu aendeshe," shangazi mmoja akapiga kelele kupitia nondo za geti.

Mama akarudi getini. Akamwambia mjomba Shiundu afungue mdomo. Kijani. Akamwendea dereva aliyefuata. Kijani. Alikagua msafara mzima, gari kwa gari, wanaume wazima wenye suti na maua kifuani wakipanua vinywa juani, na kwa kila kinywa shangazi zangu walitoa mguno mrefu kuliko uliotangulia. Wote walikuwa wamekesha kwa baba. Alipofika kwa Munene wa basi la kwaya, Munene akafungua kinywa kabla ya kuombwa. Kilikuwa cheupe kama cha mtoto, na kwaya nzima ikaimba aleluya.

"Haya, kila mtu kwa basi," mama akaamuru. "Funguo zote kwa Burale."

Waliingia kwenye basi lile jinsi walivyoingia, ni Mungu anajua. Lakini mimi singeweza kuingia na shela lile na sketi ile, na gari la bibi harusi halikuwa na dereva. Hapo nikaliangalia lile jukwaa la kupakilia, nikaiangalia ile saruji, na moyo wangu ukatulia wenyewe.

Nilipajua pale. Jumapili, kiwanda kikiwa kimya, baba alikuwa akiomba ruhusa anilete pale pale, anapanga katoni tupu mbilimbili, ananifundisha kuingia kati yake kwa kurudi nyuma. "Tazama vioo, mama. Gari lina macho matatu." Nilipita mtihani wa polisi kwa mara ya kwanza, na leseni yangu ilikuwa kwenye mkoba wa Lorine pamoja na poda. Lakini tangu nilipoipata, baba hakuwahi kukubali niendeshe yeye akiwa ndani. Alisema dereva mzee haendeshwi.

Nikavua viatu. Nikashuka, nikazunguka mpaka mlango wake.

"Nipe ufunguo, baba."

Hakunitazama. "Nilitaka nikupeleke mimi, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Siku moja tu. Hii."

Ningeweza kumkasirikia. Nilikuwa na haki. Lakini nilimtazama yule mzee aliyeogopa kulala asije akanichelewesha, na mapenzi yakanijaa, nikashindwa kuyatenga na hasira.

"Njoo ukae kando yangu," nikamwambia. "Unipeleke ukiwa hapo."

Ufunguo ulikuwa na jasho. Lorine aliikunja sketi yangu, akaisukuma nyuma ya kiti, akabaki ameikumbatia kule nyuma. Nikarekebisha vioo vyote vitatu. Vibarua wakaanza kupiga makofi ya mdundo, na mmoja akatangulia mbele yetu akituongoza kwa mikono, kana kwamba anaitoa ndege.

Getini Burale akainua mkono. Gari lolote likitoka lazima likaguliwe. Mama alimpigia kelele kutoka kwenye basi, lakini Burale ni mtu wa kazi yake. Akafungua buti, akafunga. Akachungulia ndani, akaniona niko kwenye usukani miguu mitupu.

"Bibi harusi mmoja," akasema. "Hakuna sabuni. Pita, dada, na Mungu akubariki."

Njia ya kurudi baba aliendesha bila usukani. Mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo kila nilipokaribia kona, na mkono ulishika ukingo wa dashibodi. Munene alituandama nyuma na basi limeinama upande, kwaya ikiimba kwa sauti zote nne. Tulipopanda kurudi Jogoo Road na kukata kushoto kuelekea Kaloleni, baba akapumua.

"Nilikuwa naona kila kitu," akasema. "Kila kitu, mama. Nikasahau nimebeba nani."

Nikamshika mkono, kisha nikaurudisha wangu kwenye gia, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha.

Yule bibi harusi mwingine alitutangulia kidogo tu. Gari lake lilikuwa tayari kwenye lango la kanisa, na yeye, baadaye nilijua anaitwa Njoki, alikuwa amesimama mlangoni anarekebishwa shela. Aliniona nikishuka upande wa dereva, miguu mitupu, ukope mmoja shavuni, na mzee mwenye macho makubwa akizunguka gari kuja kunishika mkono. Alicheka mpaka akashikilia mlango.

"Ingia kwanza, dada," akasema. "Wewe ni kama umetoka mbali."

Seth alinitazama nilipoingia, akatazama miguu yangu, akatabasamu. Nilinukia sabuni kanisa zima. Mchungaji Zedekiah, uso mkavu, akafungua kitabu chake akauliza, kama wanavyouliza, ni nani anayemleta binti huyu.

Baba alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Mama ananiambia alilifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Akanitazama.

"Amejileta mwenyewe, mchungaji," akasema. "Mimi nilipotea, yeye akanileta na mimi."

Kanisa lililipuka kwa kicheko na vigelegele, na watu wa basi wakaongoza. Mchungaji alijaribu kubaki mkavu, akashindwa. Katika picha ya wakati huo, iliyoko ukutani kwangu, kila mtu amecheka isipokuwa baba. Yeye analia waziwazi, na mkono wake bado umenishika.

Siwezi kuwadanganya kwamba aliacha. Amestaafu sasa, na Jumamosi bado anatafuna kwa Shiundu, anakula kete zisizo zake, na lile bwawa la samaki siku hizi lina mitambo ya barafu. Lakini tangu siku ile hajawahi kugusa usukani akiwa ametafuna, na akiwa ametafuna mkesha, hagusi hata kesho yake. Nikija kuwachukua yeye na mama kwenda kwangu, hata kama ni gari lake, ananirushia ufunguo kabla sijamwamkia, anazunguka, anafungua mlango wa kushoto.

Jumamosi iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Shavu limevimba, samaki wanauzwa, mama nyuma amesinzia. Tulipokaribia Hamza akakatiza habari zake katikati, kama anavyofanya kila mara. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, akatazama mbele.

"Nyoosha, mama," akaniambia polepole. "Nyoosha tu."

Nikanyoosha.